Sababu ya Kuchelewa

Mwezi huu pekee wamenijia wauguzi vijana watatu, mmoja kutoka Nyamongo na wawili wa hapa hapa Tarime mjini, wote na swali moja: "Mama, nisome hadi uzamivu? Inafaa kweli?" Wanakuja na bahasha ya vyeti na kilo ya sukari, wananiamkia shikamoo kwa heshima zote, halafu wanataka niwaambie ndiyo au hapana kabla chai haijapoa. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa, na atakayekuja tena nitampa asome kwanza ndipo tuongee.

Mimi nilianza uuguzi na cheti tu, enzi za kofia nyeupe ya kukunja ambayo ninyi mmeiona kwenye picha. Nimestaafu nikiwa na shahada ya uzamivu ya uuguzi, niliyoianza nikiwa na miaka hamsini na miwili na kuimaliza mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Majirani hawakuelewa hata kidogo. Mzee mmoja wa Nyarero, kijijini nilikozaliwa, aliposikia nimekuwa daktari alikuja na ngiri yake nimpasue. Nikamweleza kwamba huu ni udaktari wa kuichunguza kazi ya uuguzi, kujua tunakosea wapi na tufanye nini. Alinitazama kwa huruma. "Kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo na bado ni nesi?" Nikamwambia ndiyo, bado ni nesi. Akaniambia pole, na alimaanisha.

Kama unasoma ili watu wakuite Dokta, basi jiandae kwa ngiri.

Ugumu wa masomo yenyewe nitausema kwa kifupi, maana ndio mnaouogopa na ndio mdogo. Kiingereza cha makala za utafiti kilinitoa jasho. Ukurasa mmoja nilikuwa nausoma mara nne. Takwimu nilifundishwa na kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, ambaye kila nikiuliza swali alikuwa anasema "ni rahisi tu, Mama," na hapo ndipo nilijua sitaelewa. Nikanunua daftari la shule nikaandika kila hatua kama mapishi: fungua hapa, bonyeza pale, ukiona kisanduku chekundu usiguse. Alicheka sana alipoliona. Mwaka wa pili alikuja kuniomba alitoe nakala awape wanafunzi wengine. Nilimpa, ila nilimwambia kwanza aache kusema ni rahisi.

Matroni wangu wa kwanza alikuwa mama wa Kijita, mpole wa sauti na mkali wa macho. Alikuwa na sheria moja ambayo aliisimamia kama askari. Huruhusiwi kufungua faili la mgonjwa kabla hujamshika mgonjwa. Utamkuta mama yuko kitandani, unaweka mkono juu ya tumbo, unasikia linavyokaza na kulegea, unamtazama machoni, unauliza jina lake. Ndipo unafungua karatasi. Mtu akianza na karatasi, Matroni alikuwa anamnyang'anya. "Faili haliumwi," anasema, "rudi ulikotoka uanze upya." Mmoja wetu alirudishwa mlangoni mara tatu asubuhi moja hadi akalia. Ningemsikiliza Matroni siku zote, nisingekuwa na haya ninayotaka kuwasimulia.

Utafiti wangu ulihusu wajawazito wanaopewa rufaa kwenye vituo vya afya vya huku kwetu halafu wakachelewa kuondoka. Uamuzi umeshafanyika, gari lipo, dereva yupo, na mgonjwa bado amelala pale pale saa nzima, mbili, tatu. Nilitaka kujua ni kwa nini. Kwenye fomu za rufaa za vituo nilivyochagua kulikuwa na mstari ulioandikwa "Sababu ya kuchelewa," na wauguzi wengi walikuwa wameujaza kwa maneno yale yale: ndugu wamechelewa kutoa ridhaa. Mimi nikaandika pendekezo la utafiti kwa kujiamini kabisa. Tatizo ni jamii. Dawa yake ni elimu kwa jamii. Nilijaza kurasa nzima za lawama kwa wanaume wa Kikurya, na nilikuwa nazifurahia.

Msimamizi wangu, profesa mmoja mama wa mikoa ya kusini, mtu wa maneno machache, alinirudishia pendekezo lile likiwa na maswali matatu pembeni kwa penseli. Ndugu gani? Alikuwa wapi? Nani aliamua kwamba yeye ndiye wa kusubiriwa?

Nilikasirika. Nilimwambia mume wangu kwamba yule mama hajawahi kukanyaga Tarime, atanifundisha nini kuhusu ndugu zangu. Lakini nilirudi kwenye mafaili, moja baada ya jingine, nikitafuta ndugu gani. Wiki ya pili nikafungua faili la mwanamke mmoja nitakayemwita Bhoke. Sababu ya kuchelewa: ndugu wamechelewa kutoa ridhaa. Mwandiko ulikuwa wangu.

Sasa, kwa wasiotoka huku, lazima nieleze kitu. Kwetu, mwanamke ambaye hakupata mtoto wa kiume, na mumewe amekwisha kufariki, anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana. Msichana atazaa na mwanaume mwingine, lakini watoto ni wa nyumba ya yule mama na wanabeba jina la marehemu. Tunaiita nyumba ntobhu. Wapo wanaoitetea kwa sababu inamlinda mjane asifukuzwe kwenye mji wake, na wapo wanaoipinga kwa sababu kuna wasichana wanaingizwa humo bila hiari yao. Wote wana hoja, na leo sikukaa kuamua kesi hiyo. Ninachotaka mjue ni kwamba mimi mwenyewe nimezaliwa humo. Baba niliyemwandika kwenye fomu zote za shule alikufa kabla mama yangu hajafika kwenye mji ule. Nilipokwenda chuo cha uuguzi, mbali na nyumbani, nilimweleza rafiki mmoja, akawaeleza wenzake, na bweni zima likacheka. Waliniuliza kama baba yangu anavaa gauni. Tangu siku ile nikiulizwa nasema baba alikuwa mkulima, alifariki nikiwa mdogo. Nilisema hivyo kwa miaka zaidi ya thelathini.

Bhoke aliletwa kituoni adhuhuri, siku ya mnada, akiwa na mama mtu mzima wa makamo ya kuitwa bibi. Huyo nitamwita Bibi Wankuru. Nilikuwa na wanafunzi wawili wa uuguzi waliotoka mikoa mingine, nawaonyesha kazi.

"Umemleta nani, Bibi?" nikauliza.

"Mke wangu."

Mwanafunzi mmoja akaziba mdomo kwa kiganja. Nilimwona. Nilisikia joto linapanda shingoni kama bweni lile lote limeingia pale leba.

Nilimpima Bhoke. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, njia haifunguki, mapigo ya moyo ya mtoto yanashuka kila uchungu ukija. Anahitaji upasuaji, na kwetu pale haukuwepo. Uamuzi wa rufaa niliufanya sawa na kwa wakati wake. Nikamwita dereva, nikachukua fomu, nikatoka na Bibi na wale wanafunzi hadi kwenye meza ya koridoni, nikafika mahali palipoandikwa saini ya mume au ndugu. Bibi Wankuru akanyoosha dole gumba.

"Lete niweke."

"Hapana, Bibi. Hapa tunataka mume."

"Mume ndio mimi. Ng'ombe zimetoka kwangu. Wewe Sista si mtoto wa huku? Hii kitu unaijua."

"Serikali haijui mambo hayo, Bibi. Lete mwanaume."

Alinitazama muda mrefu kidogo. Alikuwa anasubiri niseme kwa Kikurya kile ambacho sikutaka kukisema mbele ya wageni. Mimi nikageukia fomu. Akajifunga khanga vizuri kiunoni, akatoka kutafuta bodaboda.

Nilijua. Msije mkaniombea msamaha kwamba sikujua mila au kwamba fomu ilinibana. Tena Bhoke mwenyewe alikuwa mtu mzima mwenye akili zake timamu, amelala mle ndani anauma pindo la khanga, na saini yake peke yake ilitosha kabisa. Hilo nilifundishwa, na nilikuwa nalifundisha. Siku ile nilitaka tu wale wanafunzi waone kwamba Sista huyu ni mtu wa utaratibu, si mtu wa mambo ya kikwetu.

Bibi Wankuru alikwenda kumtafuta shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, ambaye alikuwa mnadani na ng'ombe. Ilichukua saa tatu. Bhoke kila uchungu ukimwachia alikuwa anauliza, "Mama yuko wapi?" akimaanisha Bibi Wankuru, na mimi namjibu, "Ndugu zako wanachelewa, vumilia." Mara ya mwisho aliuliza kwa sauti ndogo sana. Hatimaye shemeji akafika na vumbi lake la mnadani, akaweka dole gumba mahali nilipomwonyesha, kisha akaniuliza mgonjwa anaitwa nani.

Walipomfungua hospitali kizazi kilikuwa kimepasuka. Mtoto alikuwa wa kiume na alikuwa amekwisha kufa. Bhoke alipona, lakini kizazi kilitolewa. Alikuwa na binti mmoja tu nyumbani, na nyumba ile ilikuwa imejengwa kwa kusubiri mtoto wa kiume. Jioni nilijaza nafasi zilizobaki kwenye nakala ya fomu, pamoja na ule mstari wa sababu.

Miaka kumi na moja baadaye nikaliona faili lile mezani kwangu, na mnajua nilifanya nini? Nililitoa. Nililiweka pembeni, nikaendelea na mengine. Nilijiambia kwamba mtafiti hapaswi kuchambua kazi yake mwenyewe, kuna mgongano wa maslahi, na utaratibu ni kuliondoa. Maneno mazuri kabisa ya kisomi. Miezi miwili nilikaa nayo. Nilipokwenda kwa profesa nikamwambia nimeondoa faili moja kwa sababu ya mgongano wa maslahi.

"Maslahi ya nani?" akauliza.

Nikamsimulia yote. Hata bweni nilimsimulia. Alivua miwani. Akasema taratibu zinaniruhusu kuliondoa, mradi nieleze kwa maandishi kwamba nimeliondoa na kwa nini. Kisha akaniuliza, "Hao wanawake wawili wanaijua sababu?"

Niliondoka ofisini kwake nikisahau mwavuli.

Hapa ndipo nawaambia kitu cha kazi, mkishike. Baada ya kuuliza yale maswali ya penseli kwa kila faili, niliwatafuta wanawake wenyewe niliowapata, hapa Tarime na vijiji vichache vya Serengeti, nikakaa nao. Ukienda kuwauliza watu, usikae kwenye kiti wao wakiwa kwenye mkeka. Usitoe kalamu mapema. Usianze na "mume wako ni nani," maana nimeona wanawake wengi wakinyamaza hapo hapo, wengine kwa uchungu na wengine kwa hofu. Uliza, "Ukiumwa, unataka tuongee na nani juu yako?" Atakwambia mwenyewe. Wakati mwingine ni mama mkwe, wakati mwingine ni dada yake aliyeko Sirari, na wakati mwingine atakwambia, "Ongea na mimi." Kumbe ndugu wengi tulioandika kwamba wamechelewa walikuwa wamesimama mlangoni, na sisi ndio tulikuwa tunamtaka mtu mwingine. Hiyo ndiyo tasnifu yangu yote. Ina kurasa mia tatu lakini hiyo ndiyo.

Kwenye utetezi wa tasnifu walikaa watahini watano mbele yangu wakanihoji saa mbili. Mtoto wangu alikuja na maji ya kunywa akidhani nitazimia. Sikuwaogopa, kwa sababu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeshaogopa kwingine.

Nilikwenda kwa Bibi Wankuru siku ya katikati ya juma, peke yangu. Alikuwa amezeeka, jicho moja limeingia ukungu. Bhoke alikuwa ng'ambo ya uwanja anapukuchua mahindi. Niliona haraka kwamba mji ule ulikuwa na majiko mawili. Kila mmoja anajipikia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ni nani? Sauti naijua."

Nikajitaja. Bhoke akaacha mahindi. Nikaomba wote wawili wasogee karibu, nikakaa chini, nikasema. Nilisema kwa Kikurya, bila kuzunguka: siku ile Bibi alikuwa pale, alitaka kuweka dole, nikamkatalia nikijua ni halali yake. Nilikwambia wewe Bhoke kwamba ndugu wanachelewa, na haikuwa kweli. Na kwenye karatasi ya serikali niliandika hivyo hivyo.

Bhoke hakuniangalia mimi. Alimwangalia Bibi Wankuru.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," akasema yule mzee. "Nilikuambia mara ngapi? Ulisema Sista hawezi kudanganya."

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimebeba hatia ya mtoto na ya kizazi tangu nilipoliona lile faili, nikidhani hiyo ndiyo yote. Kumbe mama mzazi wa Bhoke alipofika hospitali aliambiwa kwamba ndugu walichelewa, na habari ikatembea. Ukoo wa Bhoke wakasema yule bibi alikuwa anasitasita njiani wakati mtoto wao anakufa. Hawakukanyaga tena kwenye mji ule. Bhoke alibaki kwa ajili ya binti yake, lakini alijitenga jiko. Kwa neno langu, wanawake wawili waliishi uwanja mmoja miaka kumi na moja bila kula pamoja.

Nilimwomba Bibi Wankuru msamaha. Akasema, "Hapa tuko wawili, sasa tumesikia. Nenda ukaseme kwa wazazi wake."

Niliogopa, sitaficha. Kusema kule ilikuwa kusema mbele ya ukoo mzima, na jambo likifika kwa ukoo linaweza kufika popote. Kwanza nilimwendea bosi wangu nikampa maelezo kwa maandishi, kwa sababu sikutaka ayasikie mtaani. Nilipata barua ya onyo na kipindi cha kuchunguzwa, na ilikuwa haki yangu. Kuna usiku nilifikiri nitapoteza leseni na masomo kwa pamoja. Mume wangu aliniuliza mara moja tu kama nina uhakika. Nikamwambia sina, lakini nitakwenda.

Tulikwenda Jumapili baada ya ibada, mimi, Bibi Wankuru na Bhoke. Bibi hakutaka kuingia ndani ya boma. Alisimama karibu na lango akiegemea fimbo, na hakuna aliyemkaribisha. Baba yake Bhoke alitoa kiti kwa ajili yangu peke yangu, kwa sababu mimi ni Sista, mtu mkubwa. Nilikataa kukaa. Nikasema yote tena, nikisimama, na mara hii niliongeza kwamba mimi pia ni mtoto wa nyumba ntobhu na kwamba niliona aibu siku ile mbele ya wanafunzi.

Mzee alitazama chini akichora chora udongo kwa kijiti. Vijana wa mji walikuwa wamesogea, na mmoja akaanza kunifokea. Mama yake Bhoke akamnyamazisha kwa mkono. Akaniuliza swali moja.

"Ulijua?"

"Nilijua, Mama."

Nilisubiri anitukane, na ningepokea. Badala yake akainuka, akanipita kama vile sipo, akatembea hadi langoni kwa Bibi Wankuru. Walisimama wakitazamana, wazee wawili ambao hawakuwa wamesalimiana kwa miaka kumi na moja. Mama yake Bhoke akamshika mkono.

"Mkwe," akamwambia, "tangu asubuhi umekula?"

Bibi Wankuru akasema hapana. Wakaingia ndani, Bhoke akiwafuata nyuma. Mimi hawakuniuliza kama nimekula, na ilikuwa sawa. Niliwaaga vijana waliobaki uwanjani, nikatembea kwa miguu hadi barabarani.